Je, wajua kwa nini "wati 1,000" huweza kuzidiwa sauti na wati 15?

Swali hili nililijibu vibaya kwa miaka, tena kwa pesa zangu. Nilipotaka muziki kwenye gereji ya nyumbani, mahali ninapofungulia injini na kupiga mbao randa, nilienda dukani na hesabu moja kichwani: gereji ni kubwa, ina kelele, basi nitafute wati nyingi. Nikarudi na boksi la plastiki linalong'aa, taa za rangi zikizunguka koni, ubavuni limeandikwa "1000W". Liliimba vizuri mpaka nilipowasha mashine ya kunyonya vumbi. Nikaongeza sauti, nalo badala ya kupaza likaanza kukoroma. Baadaye nikapewa spika mbili kuukuu za masanduku ya mbao, vifua vipana, pamoja na amplifaya ndogo ambayo mgongoni iliandikwa, kwa unyonge kabisa, wati 15 kwa kila upande. Nilizifunga kwa mzaha. Ilinibidi nirudishe kitufe cha sauti nyuma.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba wati hupima sauti. Wati hupima umeme. Ni kiasi cha nguvu amplifaya inachosukumia kwenye spika, na spika inafanya nini na nguvu hiyo ni habari nyingine kabisa, ambayo boksi halikuitaja popote.

Lakini kabla ya kufika huko, zile wati 1,000 zenyewe zilikuwa wapi? Nililigeuza boksi nikasoma adapta yake: volti 15, ampea 2. Zidisha: wati 30. Kifaa kinachokula wati 30 hakiwezi kutapika 1,000. Kwa haki, kapasita za ndani zinaweza kuweka akiba na kutoa mshindo mkubwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na hapo ndipo watengenezaji wengi wa maandishi ya aina hii hujificha. Ukiona herufi PMPO (kifupi cha Kiingereza cha nguvu ya kilele ya muziki) pembeni ya namba, jua kwamba hakuna kanuni moja inayosema namba hiyo ipimwe vipi. Kila mmoja hupima kwa rula yake. Ujanja huu si wa leo. Nchini Marekani ulikuwa umekithiri kiasi kwamba mwaka 1974 Tume ya Shirikisho ya Biashara ilitoa kanuni kwa amplifaya za nyumbani: wati zinazotangazwa ziwe zile ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo, si kwa kupiga chafya.

Mfano ninaoupenda zaidi ni redio ya gari. Nyingi huandikwa "50W x 4", na mtu huona wati 200 zimelala kwenye kijisanduku kinachoingia kiganjani. Fanya hesabu. Gari likiwaka, umeme wake huwa karibu volti 14.4. Spika ya gari kwa kawaida ina ukinzani wa omu 4. Wimbi laini la sauti linalopanda na kushuka ndani ya volti hizo haliwezi kutoa zaidi ya wati 26 hivi kwa kila spika, hata kama mashine haipotezi chochote, nayo hupoteza. Hizo 50 zimetoka wapi? Chukua 14.4, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa 4: unapata karibu 52. Hiyo ni nguvu ya wimbi lililopigwa mpaka likawa na pembe za mraba kama tofali, yaani muziki uliokwisha kuharibika kabisa. Kwa hiyo namba ni ya kweli. Ni kweli ya sauti ambayo hakuna mtu angetaka kuisikiliza.

Haya, tuseme umepata wati za kweli. Bado hazitakusaidia kama unavyodhani, kwa sababu sikio halihesabu kwa kujumlisha. Fikiria chumba chenye giza. Washa mshumaa mmoja, chumba kinabadilika. Washa wa pili, unaona tofauti. Sasa fikiria mishumaa 100 inawaka na wewe unaongeza mmoja: hakuna atakayeinua macho. Ili jicho lishtuke tena kama lilivyoshtuka kutoka mmoja kwenda wa pili, inabidi ulete mingine 100. Sikio liko hivyo hivyo, na desibeli, kipimo kilichobeba jina la Alexander Graham Bell, hufuata tabia hiyo. Ukizidisha umeme wa spika mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu, badiliko ambalo mtu hulitambua lakini halimtoi kwenye kiti. Ili sauti isikike kana kwamba imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, na hiyo ni kuzidisha umeme mara 10. (Hii 10 ni wastani wa masikio mengi yaliyoulizwa, kwa hiyo usiishike kama sheria ya uzito na mvutano.)

Maana yake, anayetoka amplifaya ya wati 50 kwenda ya wati 100 amelipia desibeli 3. Pesa nyingi, sauti kiduchu.

Sasa tufike kwenye ile habari ambayo boksi halikuitaja. Kwenye karatasi ya spika, mara nyingi kwa maandishi madogo, hukaa namba kama hii: 88 dB, 1W/1m. Inasema hivi: ipe spika wati moja, simama mita moja mbele yake, utapata desibeli 88. Mimi huuita wepesi wa spika. Visanduku vidogo vingi huwa kati ya 82 na 86. Masanduku makubwa ya zamani mengi hufika 90 na kuendelea, na spika za jukwaani huweza kupita 95. Tofauti ya 84 na 94 kwenye karatasi inaonekana ndogo, kama bei mbili zinazokaribiana. Lakini ni desibeli 10, na tumeshaona desibeli 10 ni nini: ile ya 94 ikila wati 10, ya 84 itabidi ipewe wati 100 ili ziwe sawa. Tahadhari moja hapa. Baadhi ya watengenezaji hupima kwa volti 2.83 badala ya wati. Kwa spika ya omu 8, volti hizo ni wati moja kamili, lakini kwa ya omu 4 ni wati mbili, hivyo namba inakuwa imevimbishwa kwa desibeli 3 bila mtu kusema uongo.

Kwa nini spika moja iwe nyepesi na nyingine nzito hivyo? Chukua kijiko, jipepee uso. Sasa chukua upepeo wa ukindu, jipepee. Mkono ni ule ule na jasho ni lile lile, ila kijiko kinapita hewani bila kuishika. Hewa ni kitu chepesi mno kikilinganishwa na koni, koili (waya uliozungushwa unaoitikisa koni) na kila kinachotikisika pale ndani. Kuisukuma kwa koni ndogo ni kama kuegemea mlango uliokwisha kufunguka: nguvu unayo, hakuna cha kuipokea. Karibu nguvu yote huishia kupasha moto waya wa koili. Spika ya desibeli 92 hugeuza takriban asilimia 1 ya umeme kuwa sauti, na ya 82 ni asilimia 0.1. Nikiiangalia hivyo, spika ni hita inayovuja muziki kidogo.

Dawa ni kuishika hewa zaidi. Koni pana ni upepeo mpana. Pembe hufanya zaidi ya hapo: mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto hukusanya viganja mdomoni, na mpiga baragumu hapulizi kwa nguvu kuliko mtu anayepuliza moto, lakini husikika kijiji cha pili. Ndiyo maana kumbi za sinema za miaka ya 1930 ziliweza kujazwa sauti kwa amplifaya za makumi machache ya wati. Nyuma ya pazia kulikuwa na pembe kubwa kuliko mtu.

Kama ni hivyo, kwa nini tuliziacha? Kwa sababu ya nafasi. Mwaka 1954 Edgar Villchur alitoa spika ya AR-1, kisanduku kidogo kilichofungwa kabisa hewa, chenye besi nzito ambayo hadi wakati huo ilihitaji kabati. Malipo yake yalikuwa uvivu: ilidai umeme mwingi. J. Anton Hofmann, yule mwenye herufi H kwenye jina la kampuni ya spika ya KLH, aliuweka mgogoro huo kwa namna ambayo mafundi bado huirudia: sanduku dogo, besi ya chini na wepesi, chagua viwili. Transista zilipofanya wati kuwa rahisi, dunia ikachagua viwili vya kwanza na kufidia cha tatu kwa umeme. Sebuleni ulikuwa uamuzi wa busara. Gereji si sebule. Hapo nafasi ya sanduku kubwa ipo na hakuna wa kulalamika kwamba linaharibu mandhari. Kwa hiyo anayejenga stirio ya bei nafuu ya kufanyia kazi anunue ukubwa wa spika kwanza, na amplifaya iwe yoyote iliyo nzima.

Masanduku makubwa yaliyotumika hupatikana kwa bei ya chini kwa sababu hayo hayo, hakuna anayeyataka sebuleni. Nenda na betri ndogo ya volti 1.5 mfukoni. Toa kitambaa cha mbele, gusa ncha mbili za spika kwa betri, mara moja tu na kuachia. Koni kubwa iruke na kutoa mlio mfupi, tup. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua, achana nayo. Kisha angalia ukingo unaoshika koni. Ukiwa wa raba au kitambaa, hudumu. Ukiwa wa sponji, uguse: sponji la zamani hubomoka kama keki iliyokauka, ingawa hubadilishika kwa gundi na subira. Betri hiyo hiyo ina kazi ya pili ukifika nyumbani. Hakikisha koni za spika zote mbili zinaruka upande mmoja ukiweka chanya kwenye chanya. Moja ikienda nje na nyingine ndani, zitakuwa zinanyang'anyana hewa, na besi itapotea bila kitu chochote kuharibika. Nimewahi kusikiliza hali hiyo wiki nzima nikilaumu spika.

Kuhusu amplifaya, ile redio ya gari niliyoisema vibaya hapo juu ni mgombea mzuri, ukishajua kwamba ni wati 15 au 20. Huendeshwa na pawa saplai ya kompyuta ya mezani iliyostaafu. Waya wa njano wa saplai ndio volti 12, mweusi ni hasi, na wa kijani ukiunganishwa na mweusi ndio huiwasha. Nyaya mbili za redio, njano na nyekundu, zote huenda kwenye ile njano. Usilifungue sanduku la saplai yenyewe. Kapasita zake hushika umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Waya wa kwenda kwenye spika usikusumbue akili: shaba ya kawaida ya milimita 1.5 za mraba, kwa mita 10 na spika ya omu 8, huiba kama robo ya desibeli.

Mahali pa kuziweka ni pesa ya bure. Ukisogeza spika ukutani, besi inayokwenda nyuma hurudi mbele, na kinadharia unaweza kupata hadi desibeli 6 katika sauti za chini, zaidi kwenye kona. Sebuleni hiyo huleta mvumo wa pipa. Gereji ikiwa na milango mikubwa iliyo wazi, mara nyingi ndiyo besi iliyokosekana. Usitarajie kusikia mwimbaji akiwa amesimama katikati ya spika mbili, maana hilo hutaka ukae sehemu moja, na anayefanya kazi hakai.

Kuna shindano moja ambalo hata spika nyepesi kuliko zote isipewe. Grainda ikikata chuma hufika desibeli 100 na pengine zaidi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, hupendekeza mtu asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda nusu. Kwenye 100 zinabaki dakika 15. Muziki utakaoizidi grainda unaongeza kelele juu ya kelele. Vaa kinga ya masikio, acha wimbo upite.

Na hiyo grainda ina shari nyingine niliyoigundua nilipofungua spika iliyoanza kukwaruza baada ya mwaka. Unga mweusi wa chuma ulikuwa umejipanga kama manyoya ndani ya ule mwanya mwembamba ambamo koili hupanda na kushuka. Spika ni sumaku kubwa, na nilikuwa nimeiweka kwenye meza ya kukatia chuma. Niliutoa kwa utepe wa gundi, nikirudia mara nyingi. Siku hizi spika zangu zimening'inia juu karibu na dari, upande wa mbao, na kitambaa chepesi mbele.