Usiniulize mwanao yuko darasa la ngapi

Wiki hii tena. Safari hii alikuja baba mmoja, mtumishi, kavaa vizuri, anaomba uhamisho wa binti yake wa darasa la sita. Sababu yake: "Mwakani anaingia sekondari, mwalimu, nataka amalizie karibu na huko atakakopangiwa." Nikamwambia mwakani binti yake atakuwa darasa la saba. Akaniangalia kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyesikia taarifa ya habari kwa mtu ambaye hakuisikia. "La saba si limefutwa, mwalimu?"

Jioni ya siku hiyo hiyo, kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, mama wa mtoto wa la tano akaandika kwa herufi kubwa kwamba shule inataka kumrusha mwanawe darasa. Hawa wawili hawajuani, na wote wamekosea, kila mmoja kwa upande wake. Mimi ni mwalimu wa taaluma kwenye shule ya msingi ya serikali hapa jijini Dodoma: ratiba, mitihani, usajili na lawama ni vyangu. Jambo hili, la elimu ya msingi kutoka miaka saba kuwa sita na nani linamgusa lini, nimelieleza kwenye vikao, getini, kwenye daladala ya Nzuguni, hata msibani. Sasa naliandika, nikiulizwa tena natuma kiungo.

Matangazo mengine kwanza, haraka haraka. Tunakaribia kufunga kwa likizo ya Juni, ripoti zitatolewa kwa mzazi mwenyewe, si kwa dada wa kazi. Waliochaguliwa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, walete viatu, hakuna anayekimbia na ndala. Mmeshavuna, kwa hiyo mahindi na maharage ya makande yaletwe kama kikao kilivyokubaliana. Maneno ya "elimu bure" tuyaache, sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa ni vya mzazi na tumeshasomeana waraka. La saba wajiandae na mtihani wa utamilifu, yaani wa majaribio, wa taifa ni Septemba. La nne wana upimaji wao mwishoni mwa Oktoba. Basi.

Turudi kwenye kinachonikera.

Ukiniuliza "mwanangu yuko la sita, anamaliza lini?", siwezi kukujibu kwa kutazama namba ya darasa peke yake. Swali lenye jibu ni hili: mwaka 2024 mwanao alikuwa darasa la ngapi?

Mtaala mpya, huu unaoishia la sita, ulianza Januari 2024, na haukuanza kwa wote. Kwa shule za msingi ulianza na awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. La nne, la tano, la sita na la saba wa mwaka ule waliachwa na mtaala wa zamani waumalize. Mtaala huingia kama maji kwenye majaruba ya mpunga kule Bahi: jaruba moja likijaa ndipo maji yanafunguliwa kwenda linalofuata. Hakuna anayemwaga maji shamba zima asubuhi moja.

Sasa hesabu nami. Aliyekuwa la tatu mwaka 2024, mwaka jana alikuwa la nne, mwaka huu yuko la tano, mwakani atakuwa la sita, na hapo elimu yake ya msingi imekwisha. Aliyekuwa la nne mwaka 2024, mwaka huu yuko la sita, mwakani atakuwa la saba, naye anamaliza hapo. Mwaka wao ni mmoja: 2027. Hao wa la tano na la sita mnaowaona leo wakigombania bomba la maji ndio watakaoingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Baada ya hapo ndipo la saba linakuwa historia. La saba wa mwaka huu hawaguswi na lolote kati ya haya, wanafanya mtihani wao Septemba, masomo sita, alama 300, kama kaka zao.

Kwa hiyo yule baba, binti yake wa la sita ana mwaka mmoja na nusu kwetu. Na yule mama, mwanawe harushwi kitu. Hakuna darasa analoruka, kwa sababu kwenye mtaala wake la saba halikuwemo tangu siku ya kwanza. Mada za miaka yake zimepangwa kuishia la sita. Kurushwa ni pale mtoto anapotolewa la tano na kupelekwa la saba, na hilo kuna wazazi wameniomba nilifanye. Nitafika huko.

Nadhani najua mkanganyiko ulikotokea. Sera yenyewe, ile ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, ilizinduliwa rasmi hapa hapa Dodoma Januari 31, 2025. Siku hiyo ndiyo watu walisikia "miaka sita ya msingi, minne ya sekondari, yote kumi ya lazima". Wakaanza kuhesabu kuanzia siku ya taarifa ya habari, wakati watoto walishakaa na mtaala mpya mwaka mzima. Mzazi wa Februari 2025 alitazama mtoto wake wa la tano, akajumlisha mwaka mmoja, akapata sekondari. Hesabu safi, ila alianzia mahali pasipo pake.

Njia rahisi ya kuhakikisha ukiwa nyumbani: fungua begi la mtoto. Ukikuta daftari la Jiografia na Mazingira na la Historia ya Tanzania na Maadili, huyo ni wa mtaala mpya, anaishia la sita. Ukikuta Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili, huyo ni wa mtaala wa zamani, ana la saba. Ukikuta daftari moja lenye masomo yote mchanganyiko, njoo tuzungumze mambo mengine. Na mlio na watoto shule za mchepuo wa Kiingereza, msidhani mko nchi nyingine: huko nako, zile zinazofuata mtaala wa taifa, hesabu ni hii hii. Lugha ya kufundishia ndiyo tofauti, miaka ni ile ile.

Sasa sehemu ninayoipenda, ambayo kwenye vikao sipewi muda wa kuieleza kwa sababu kila mtu anataka kuwahi daladala.

Upimaji wa la nne, asiyefikia kiwango hurudia darasa. Chukua mtoto aliyekwama la nne mwaka 2024. Alikuwa mtaala wa zamani. Mwaka 2025 akarudia la nne, na la nne aliyoikuta ni ya mtaala mpya, kwa sababu lile jaruba lilishafunguliwa. Mwaka huu yuko la tano, mwakani la sita, anamaliza 2027. Wenzake waliofaulu na kumwacha wanamaliza lini? Mwaka huo huo, wakiwa la saba. Mtoto aliyelia Januari 2025 kwa aibu ya kukariri darasa atakutana nao kidato cha kwanza siku moja, mlango mmoja. Mwaka haukupotea kwenye kalenda. Ila alilipa kwa namna nyingine: alibadilishiwa masomo katikati ya safari. Mada za la tatu ya mtaala mpya hakuzisoma, akaingizwa moja kwa moja kwenye la nne yake, na mwalimu wa darasa ndiye aliyeziba pengo kwa kadiri alivyoweza. Kwa wengine limezibika. Kwa wengine sina hakika, na kitabu chochote cha mwongozo kitakachosema limezibika kwa wote nitataka nioneshwe madaftari.

Wazazi wajanja walipoligundua hili, wakaanza. "Mwalimu, si umrudishe wangu wa la sita aende la tano? Anamaliza mwaka ule ule, na anakwepa mtihani wa la saba." Mama, sikia. Kwanza haruhusiwi kurudishwa kwa matakwa ya nyumbani. Pili, unamtoa mtoto kwenye mtaala aliousoma tangu la kwanza, unampeleka kwenye masomo ambayo wenzake wameanza nayo tangu la tatu, halafu unasema umemsaidia. Tatu, la sita nao watapimwa kitaifa, kwa hiyo unachokikwepa kinakusubiri upande wa pili. Wengine wanataka kinyume chake, la tano ya mwaka huu iruke mpaka la saba mwakani "apate cheti cha la saba kabla hakijaisha". Kana kwamba ni sukari ya bei elekezi. Jibu ni hapana, na usiende kwa mwalimu mkuu ukidhani atakupa jingine. Kila mwanafunzi ana namba yake ya prem kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, na darasa alilopo linaonekana huko.

Bibi mmoja wa Kigogo, analea wajukuu wawili hapa shuleni, alinisalimia "mbukwenyi" akakaa, akasikiliza yote haya kimya, akasema: sisi marehemu mume wangu alimaliza la nane, mkaliondoa la nane, watoto wakaendelea kusoma. Ni kweli. La nane liliondoka miaka ya 1960 na nchi haikusimama. Kati ya wote niliowaeleza mwaka huu ni yeye aliyeelewa mara moja, na hana simu ya kuingia kundi la wazazi.

Lakini yapo yanayoninyima usingizi, na nisingependa mtoke hapa mkidhani mwalimu ana majibu yote.

La kwanza ni Kiingereza. Mtaala mpya unaanza Kiingereza darasa la kwanza, wa zamani ulianza la tatu. Tukisikia hivyo tunasema vizuri, wamepunguziwa mwaka lakini wameongezewa lugha mapema. Kwa mtoto aliyeanza la kwanza mwaka 2024 ni kweli: atakuwa na miaka sita ya Kiingereza kabla ya sekondari. Ila wale watangulizi, la tano wetu wa leo, la kwanza walisoma 2022 na la pili 2023, chini ya mtaala wa zamani, bila Kiingereza. Wakaanza la tatu, wakaishia la sita. Miaka minne. Wenzao wa la saba watakaokaa nao dawati moja Januari 2028 watakuwa na mitano. Na sekondari masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Wanaowafuata nyuma, la nne wa mwaka huu, wako hivyo hivyo: minne. Hili sijasikia likijadiliwa kwa sauti kubwa. Mimi nimeongeza vipindi vya kusoma hadithi za Kiingereza kwa la nne na la tano pale ratiba inaporuhusu, na sijui kama vinatosha. Kama una mtoto wa la tano na pesa ya tuisheni ni ya somo moja tu, usiipeleke kwenye Hisabati kwa mazoea.

La pili ni umri. Mtoto akianza na miaka sita, anamaliza na kumi na miwili. Kwa wanaokaa Makole au Ipagala, sekondari ni mwendo mfupi. Kwa wa vijijini huku Chamwino, Bahi au Chemba, sekondari ya kata inaweza kuwa mbali, na mtoto wa miaka kumi na miwili kutembea alfajiri ya Julai, upepo na vumbi, ni jambo ambalo kamati za shule zinapaswa kulizungumza sasa, na si siku ya kupokea majina.

La tatu mnalijua: nafasi. Madarasa mawili yanaingia kidato cha kwanza mwaka mmoja. Serikali inajenga, tunaona matofali. Kama yatatosha kila kata, na kama walimu wa Hisabati na Fizikia watakuwepo ndani ya hayo madarasa, muulizeni diwani kwenye mkutano wa hadhara, yeye ndiye mwenye jibu na ndiye anayetakiwa kulisema mbele za watu.

Huku kwetu, mwakani tutakuwa na madarasa mawili yanayopimwa kitaifa mbali na la nne. Vyumba na madawati ni vile vile. Ratiba nimeshaanza kuichora kwa penseli na nimeshaifuta.

Mnachoweza kufanya kabla hatujafunga ni kuja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa la tano au la sita, tulinganishe jina na tarehe na kilichopo kwenye mfumo. "Hawa" na "Hawaa" ni watu wawili mbele ya kompyuta, na marekebisho ni rahisi leo kuliko wakati wa usajili. Asiye na cheti aanze safari ya RITA sasa. Na nyumba zenye mmoja la tano na mwingine la sita, nazo ni nyingi, maana watu mlizaa kwa kupishanisha mwaka: Januari 2028 mnahitaji sare mbili, mabegi mawili na madaftari mara mbili, kwa siku moja. Anzeni na mazao haya haya yaliyopo ndani.