Jasi si chokaa

Juzi nimemsikia tena fundi akimwambia mwenye nyumba, "Mama, jipsamu ni chokaa tu ya kisasa." Mama akakubali, bodi za jipsamu zikapandishwa darini mpaka barazani, pale mvua ya upepo inapoingia kila masika.

Jasi, ndilo jina la jipsamu kwa Kiswahili, ni madini laini ambayo hata ukucha unayakwaruza. Kwetu huchimbwa Makanya wilayani Same, na Kilwa. Takriban asilimia 21 ya uzito wake ni maji yaliyojifunga ndani. Ikichomwa kwa nyuzi 150 hivi hupoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa unga. Unga ukikorogwa na maji huyanywa tena, ukaganda, ndiyo bodi hizo. Basi.

Jina la jasi tulilitoa kwa Waarabu. Wazungu lao la jipsamu walilitoa kwa Wagiriki, gypsos, nao inadhaniwa walilipata kwa lugha za Mashariki ya Kati zilizo ndugu na Kiarabu. Huenda basi asemaye jasi na asemaye jipsamu wanatamka neno lile lile lililopita njia mbili.

Ila hakuna njia inayofika kwenye chokaa! Chokaa ya pwani ni matumbawe yaliyochomwa tanurini kwa moto mkali zaidi, nyuzi 900 hivi. Ikishapakwa huvuta hewa ya ukaa taratibu, ikarudi kuwa jiwe. Ndiyo iliyopakwa kuta za Mji Mkongwe, Unguja, zinazopigwa na mvua miaka nenda rudi. Jasi haivuti hewa hiyo, nayo huyeyuka majini. Lita moja ya maji huyeyusha gramu 2 na kidogo za jasi, na masika hayaleti lita moja.

Wengine husingizia joto la Dar es Salaam. Joto la chumbani halitoshi kuitoa maji jasi. Kinachoiharibu hasa ni maji yenyewe: bati linalovuja, bomba lililopasuka, unyevu unaopanda ukutani kutoka kwenye msingi. Bodi hulowa, ikalegea, ikabonyea. Hata ule ukungu mweusi hula karatasi inayofunika bodi, si jasi.

Endelea kuiita jipsamu, fundi wangu, sina ugomvi. Chokaa tu usiiite, na zile za barazani zibandue kabla ya Machi.