Kuzinduka si kupona: maswali na majibu kuhusu damu kuvia na ubongo kuvimba baada ya kuumia kichwa

Ni nini hutokea ndani ya kichwa mtu anapoumia?

Fuvu la mtu mzima ni mfupa mgumu usiotanuka, na ndani yake ubongo, damu na maji ya ubongo vimejaa bila nafasi ya ziada. Mshipa ukipasuka kwa kishindo, damu huvia humo humo. Ubongo uliopondeka nao hujaa maji na kuvimba, na uvimbe huo huweza kuongezeka kwa siku kadhaa za mwanzo. Yote mawili huleta shinikizo, nalo likizidi huusukuma ubongo chini, kwenye shina la ubongo linaloongoza pumzi.

Alizimia kidogo, akazinduka, akaongea na hata akala. Je, si amepona?

Hapana. Kuzinduka si kupona, na jibu hili sisi wahudumu wa hospitali tunalirudia kila wiki mbele ya ndugu waliochelewa. Karibu na panja, mbele kidogo ya sikio, mfupa wa fuvu ni mwembamba na chini yake unapita mshipa wa ateri. Mfupa ukipasuka hapo, mshipa huo huweza kukatika, na damu ikajikusanya polepole kati ya mfupa na utando wa ubongo. Katika saa za mwanzo damu bado ni kidogo, kwa hiyo majeruhi husimulia ajali yake, huulizia simu na pikipiki, na hukataa katakata kwenda hospitali. Baadaye kichwa humuuma kupita kiasi, hutapika, husinzia, kisha haamshiki. Kinachotuumiza zaidi ni kwamba damu ya aina hii ikitolewa mapema kwa upasuaji, wengi hupona vizuri, kwa sababu mara nyingi ubongo wenyewe haukuwa umeharibika sana.

Lakini usiku alilala vizuri, tulimsikia akikoroma.

Hivi ndivyo tunavyoelezwa, tena kwa nia njema kabisa. Kijana wa bodaboda ameanguka jioni bila kofia ngumu, wenzake wamemfikisha nyumbani, amekula ugali na kujilaza. Asubuhi analetwa kwa bajaji akiwa hajitambui, mboni ya jicho moja imepanuka na haisinyai tunapommulika kwa tochi. Mkoromo ule mzito, kwa mtu ambaye hakuwa na desturi ya kukoroma, haukuwa usingizi. Alikuwa amepoteza fahamu, ulimi umelegea na kuziba njia ya hewa, na ubongo uliokosa hewa huzidi kuvimba. Saa zilizopita akikoroma ndizo ambazo angekuwa chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo haruhusiwi kulala?

Usingizi wenyewe haumdhuru. Kinachomdhuru ni kulala bila kupimwa na bila mtu wa kumwangalia. Akishachunguzwa na kuruhusiwa kurudi nyumbani, mtu mzima mwenye akili timamu akae naye, amwamshe kama alivyoelekezwa, na ahakikishe anataja jina lake na mahali alipo, na kwamba mikono na miguu yote miwili ina nguvu.

Na kama alikuwa amelewa, si ni pombe tu?

Tafadhali, msiamue hivyo nyumbani. Mlevi aliyegonga kichwa ni majeruhi wa kichwa kwanza, hadi vipimo vithibitishe vinginevyo, kwa kuwa pombe na damu iliyovia hufanana: maneno ya kukokota, kuyumba, kutapika, usingizi mzito. Kumwacha "pombe imtoke" ni kumwacha damu iendelee kuvia.

Eksirei imeonyesha fuvu halijavunjika. Inatosha?

Haitoshi. Eksirei huonyesha mfupa. Damu na uvimbe huonekana kwa kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya kichwa zinazotengenezwa kwa kompyuta.

Tumpe dawa gani ya maumivu kabla ya kufika?

Msimpe asprini, diklofenaki wala ibuprofeni kutoka duka la dawa, kwani huweza kuongeza kuvuja kwa damu. Msimpe chakula wala kinywaji, maana huenda akahitaji upasuaji, na anayesinzia hupaliwa kwa urahisi. Na mazoea ya kukanda kichwa kwa maji ya moto au kuchua uvimbe yaachwe kabisa. Damu au majimaji yasiyo na rangi yakitoka sikioni au puani, msizibe kwa pamba.

Mzee aliteleza bafuni wiki kadhaa zilizopita. Sasa anasahau na mguu unaburuta. Je, ni uzee?

Huenda si uzee. Ubongo hupungua ukubwa kadiri umri unavyosonga, na mishipa ya vena inayouunganisha na utando wake huvutika, kwa hiyo hata kishindo kidogo huweza kuipasua. Damu huvia taratibu kwa wiki nyingi. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda yumo hatarini zaidi, na apelekwe siku ile ile aliyoanguka.

Tumpelekeje, na tuseme nini tukifika?

Aliyezimia hata kwa dakika moja, anayetapika tena na tena, aliyepata degedege, asiyekumbuka ajali, anayezidi kusinzia au aliyelegea upande mmoja, apelekwe mara moja. Shingo yake isikunjwe. Akitapika, ageuzwe ubavu mwili mzima kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja. Msibaki nyumbani mkisubiri fomu ya polisi ya PF3. Ndugu mmoja aifuatilie huku mwingine akiwa na majeruhi. Huyo anayebaki naye awe ndiye aliyeshuhudia, atueleze ameumia saa ngapi, alizimia au la, alizinduka lini na hali ilianza kubadilika wakati gani, kwa sababu saa hizo ndizo daktari wa upasuaji atakazouliza kwanza.