Wakaapweke: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Maisha ya Kujitenga

Mtu anayeacha mji akaenda kuishi peke yake pangoni, msituni au jangwani huzushiwa mengi, na aghalabu wanaomzushia hawajawahi kuuliza anakula nini, anakaa katika ardhi ya nani, na nani hujua kama yu hai. Maswali hayo ya kawaida kabisa hubomoa sehemu kubwa ya dhana zilizoenea kumhusu.

Dhana iliyoshika mizizi kuliko zote ni kwamba mkaapweke amewachukia binadamu wenzake. Antoni wa Misri, aliyefariki mwaka 356 na ambaye Wakristo humwita baba wa watawa, aliishi jangwani kwa miongo mingi, lakini Wakristo walipoteswa mwanzoni mwa karne ya 4 alishuka hadi Aleksandria kuwatia moyo waliofungwa. Baadaye alipohamia mlimani, upande wa Bahari ya Shamu, habari za maisha yake zinaeleza kwamba aliomba jembe na nafaka ili alime mwenyewe, asiwasumbue waliokuwa wakimletea mkate, kisha akapanda na mboga kwa ajili ya wageni waliomfikia wakiwa wamechoka. Mtu anayewalimia wageni ni vigumu kumwita adui wa watu. Watawa wengine wa jangwa hilo walisuka vikapu na kamba na kuviuza ili wapate riziki, na wengi walikutana mwisho wa juma kwa sala na chakula cha pamoja.

Dhana ya pili ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu huwavuta vijana wenye ndoto nzuri: kwamba maumbile humlisha mtu anayejikabidhi kwayo, naye akaishi bila kumtegemea yeyote. Familia ya Lykov ya Urusi, iliyokimbilia misitu ya Siberia mwaka 1936 kwa sababu ya imani yake, iliishi bila kuonana na ulimwengu hadi wanajiolojia walipoikuta mwaka 1978. Walikuwa wakulima hodari, wenye mbegu zao na ujuzi wa kutosha, lakini mwaka 1961 theluji ilianguka mwezi Juni ikaharibu mazao, na mama wa familia akafa kwa njaa. Agafia, binti aliyebaki peke yake baada ya baba yake kufariki mwaka 1988, ameendelea kuishi hukohuko, ila kwa kupelekewa unga, vifaa na msaada mwingine kutoka nje. Kwa maoni yangu, hapo hapana aibu yoyote. Mkaapweke anayedumu karibu kila mara huwa na mtu anayemletea kitu au anayemwangalia, na anayekataa hata hilo huwa anayaweka maisha yake rehani kwa mvua ya msimu mmoja.

Wapo pia wanaodhani kuwa kujitenga ni ugonjwa wa akili. Kinachotofautisha upweke unaoumiza na ule wa mkaapweke ni hiari. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinakataza kumfungia mfungwa peke yake kwa zaidi ya siku 15 mfululizo, kwa kuwa upweke wa kulazimishwa huumiza mwili na akili. Lakini aliyechagua upweke, akaupangia kazi na ibada, na akajua kwamba mlango u wazi, yuko katika hali nyingine kabisa. Hata hivyo hiari haimkingi mtu na huzuni, na anayekimbilia msituni ili aponyeshe sonona bila tabibu anajihatarisha.

Kwamba hii ni safari ya wanaume tu, tena isiyo na kurudi, ni dhana inayokanushwa upesi. Tenzin Palmo, mtawa wa Kibudha aliyezaliwa Uingereza, aliishi miaka 12 katika pango la milima ya Himalaya nchini India, kuanzia mwaka 1976 hadi 1988, kisha akarudi kwa watu na kuanzisha makao ya watawa wa kike. Imamu al-Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu, naye aliacha kufundisha Baghdad mwaka 1095, akajitenga kwa miaka kadhaa, na mwaka 1106 alikuwa darasani tena mjini Nishapur.

Dhana ya mwisho husemwa kwa nadra, ila wengi wanaiamini kimyakimya: kwamba porini hapana mwenyewe. Mauro Morandi aliishi katika kisiwa cha Budelli, karibu na Sardinia nchini Italia, tangu mwaka 1989, akisafisha fukwe na kuwaeleza wageni kuhusu viumbe wa mahali hapo. Kisiwa kilipokuwa mali ya hifadhi ya taifa, wakuu wa hifadhi walimtaka aondoke, na licha ya maelfu ya watu waliotia saini kumtetea, mwaka 2021 alihamia katika nyumba ndogo kwenye kisiwa jirani.