Maana ya Mji Rafiki kwa Baiskeli, Hasa kwa Wanaotaka Kwenda Kula

Hapa Moshi, na hata kwa jirani zetu wa Arusha, imekuwa kawaida kusikia mji fulani ukisifiwa kuwa ni rafiki kwa baiskeli kwa sababu tu msemaji amemwona mgeni mwenye kofia ngumu akipandisha kuelekea Machame, au ameona picha ya njia iliyopakwa rangi kandokando ya ziwa katika nchi ya mbali. Kauli hiyo hurudi kwa nguvu kila marafiki wanapopanga kutoka siku ya Jumamosi wakale mahali, kwa mwendo wa polepole usio wa mashindano, na mmoja wao akapendekeza mji ambao kwa hakika unafaa kwa jambo jingine kabisa. Safari hupangwa kwa jina lisilo lake, kisha watu wawili wenye baiskeli za kawaida zisizo na gia hujikuta wakizisukuma kwa mkono mlimani, na chakula kikafikiwa kimekwisha poa.

Maana yenyewe haihitaji maneno mengi. Mji rafiki kwa baiskeli ni ule ambamo mtu wa kawaida, awe kijana, mzee au mama aliyempakia mtoto kwenye karia, anaweza kwenda sokoni, kazini, shuleni au kula bila kuhofia uhai wake, bila kuzungushwa mno, na bila wasiwasi juu ya mahali pa kuiacha baiskeli akifika. Kipimo chake ni mwendeshaji asiye hodari katika safari isiyo ya ajabu. Upana wa njia, alama, taa na rangi ni nyenzo tu za kufikia hapo.

Kosa la kwanza, nalo ni dogo, ni kudhani kwamba mji wenye baiskeli nyingi lazima uwe rafiki kwa baiskeli. Shinyanga imejulikana kwa miaka mingi kwa baiskeli zinazobeba abiria na mizigo, na Kisumu ilikuwa hivyo kabla pikipiki hazijaishika kazi hiyo. Wingi huo uliletwa na nauli, umbali na ardhi tambarare, wala haukuletwa na barabara zinazomjali mwendeshaji. Watu huendesha pia mahali pasipowapenda, kwa kuwa hawana njia nyingine.

Kosa la pili ndilo letu sisi wa mlimani. Njia za vumbi zinazopanda kwenda Marangu, Machame na Materuni, zikipita katikati ya migomba na kahawa, huku ukivuka mfongo unaoteremsha maji mashambani, ni miongoni mwa njia nzuri za kuendeshea baiskeli ninazozijua, na sitabishana na yeyote anayezisifu. Lakini mtu anayezipanda amekwenda kwa ajili ya kuendesha. Anahitaji gia, breki za kuaminika na mapafu yenye mazoezi, na akishafika juu akapewa mtori au kata ya mbege, chakula hicho ni pumziko la safari. Anayekwenda kula na wenzake yuko kinyume chake, kwa maana chakula ndiyo safari na baiskeli ni namna ya kukifikia. Mji unaweza kumpendeza sana wa kwanza na kumtesa wa pili, kama ambavyo Moshi hufanya mara nyingi, wala hakuna aibu yoyote katika kusema hivyo waziwazi.

Kosa la tatu ndilo linalonifanya niandike, kwa sababu hufanywa na watu wanaosoma na wanaopenda baiskeli kwa dhati: kudhani kwamba mji ukishakuwa na njia ya baiskeli, basi urafiki umepatikana. Dar es Salaam iliachiwa nafasi ya waenda kwa miguu na baiskeli kandokando ya Barabara ya Morogoro, pamoja na mradi wa mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, na bado ni watu wachache mno watakaomruhusu mtoto wao aendeshe kutoka Kimara hadi Kariakoo. Kipande kinaweza kuwa kizuri, lakini mtu haishi ndani ya kipande. Anatoka nyumbani, anakatisha makutano, anaingia mtaa wa pili, anatafuta duka, kisha anarudi, na ugumu wa safari yake yote hupimwa kwa sehemu iliyo mbaya kuliko zote.

Waholanzi walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa nchini mwao kwa ajali za barabarani, wakiwamo watoto zaidi ya 400, na wazazi wakaingia mitaani kupinga mauaji hayo. Ulipofuata mgogoro wa mafuta wa 1973, serikali ilianza kuitazama baiskeli upya, na katikati ya muongo huo zikajengwa njia za mfano katika miji ya Tilburg na Den Haag, njia ndefu na za gharama zilizokatiza mjini. Waliokuwa wakiendesha barabara za jirani walihamia kwenye njia hizo mpya, lakini safari za baiskeli katika mji kwa jumla hazikuongezeka kama ilivyotarajiwa. Delft ilishika mkondo mwingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 ilivichukua vipande ilivyokuwa navyo tayari, ikaviunganisha kwa madaraja madogo, vivuko na vichochoro, ikapanga mtandao wa ngazi tatu: wa mji mzima, wa kata na wa mtaa, ili mtu atoke mlangoni kwake hadi popote bila kukutana na pengo. Kazi hiyo haikuwa na kitu kikubwa cha kupigia picha, lakini ndiyo iliyoufaa mji.

Groningen, mji mwingine wa Uholanzi, ilifika mbali zaidi kwa kutumia rangi kidogo zaidi. Mwaka 1977 iliigawa katikati ya mji katika sehemu nne na kuzuia magari yasivuke moja kwa moja kutoka sehemu moja hadi nyingine, hivyo mwenye gari akawa analazimika kutoka hadi barabara ya mzunguko ndipo aingie tena, wakati mwenye baiskeli anakata katikati kama kawaida. Mitaa mingi haikuhitaji kutengewa njia maalumu hata kidogo, kwa kuwa magari yaliyobaki yalikuwa machache na ya taratibu. Mwendo ni sehemu ya dhana hii kuliko tunavyokiri. Nguvu ya gari linapogonga hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo wake, kwa hiyo gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo yetu ya makazi, hugonga kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya gari lile lile likiwa kwenye 30. Mtaa usio na mstari wowote lakini wenye mwendo wa 30 ni rafiki kuliko barabara ya 80 yenye mstari mweupe pembeni.

Sasa nirudi kwenye chakula, maana sijaona kipimo kizuri cha dhana hii kuliko marafiki wanne au watano wanaokwenda kula. Safari ya namna hiyo haina mwisho mmoja. Inaanza kwa supu na chapati mahali fulani, inahamia kwenye kahawa, mmoja ananusa mishikaki upande wa pili wa barabara na wote wanataka kuvuka, kisha mwingine anakumbuka kuna mama anayepika kiburu mitaa miwili nyuma. Wanataka kuongea njiani, kwa hiyo wanahitaji kuendesha wawili wawili, jambo ambalo sheria ya Uholanzi inaliruhusu wazi na mitaa ya huko inaliwezesha. Wanamsubiri aliye nyuma. Wanarudi wameshiba, giza linaingia, na uangalifu wao umepungua. Barabara ndefu isiyo na vituo haiwasaidii hata ingekuwa laini kama kioo, bali wanasaidiwa na mitaa mifupi, makutano yanayovukika, na mahali pa kusimama kila baada ya hatua chache.

Suala la kusimama linapuuzwa mno. Mtazame mtu anayekula kwenye kibanda jirani na Soko la Mbuyuni akiwa na wenzake wawili. Mnyororo mmoja umepitishwa kwenye fremu za baiskeli tatu na kufungwa kwa kufuli kwenye nguzo ya kibanda, mama lishe amesogeza benchi ili wateja wake wazione, na bado yule aliyekaa akielekea barabarani hula polepole kuliko wenzake kwa kuwa jicho lake halitulii kwenye sahani. Ameambiwa kwamba mji huu unafaa baiskeli, lakini hajapewa hata chuma kimoja cha kuifungia. Utrecht, huko huko Uholanzi, ilimalizia mwaka 2019 maegesho ya baiskeli chini ya kituo chake cha treni yenye nafasi 12,500, makubwa kuliko yote duniani, na wale waliodhani ni fahari tupu hawakuelewa kwamba safari ya baiskeli huisha pale unapoiacha baiskeli ukaenda zako bila kuiwaza. Kwetu sisi, vyuma kumi vilivyopigwa zege mbele ya soko vingetosha kuanzia.

Kwa kipimo hicho, naweza kuilinganisha Arusha na Moshi bila upendeleo. Arusha ina chakula cha aina nyingi zaidi, nakubali, na mitaa ya ndani ya Kaloleni inaendesheka vizuri. Lakini mji umekaa mitelemkoni mwa Mlima Meru, na mito yake, Themi na Naura, imechimba mabonde yanayokulazimisha kushuka na kupanda kila unapotoka mashariki kwenda magharibi. Barabara ya njia nne inayopita kutoka Sakina hadi Tengeru imeharakisha magari na kuwafanya watu wa pande zake mbili wawe mbali zaidi, na kukizunguka kipilefti cha Mnara wa Saa jioni, katikati ya daladala na bodaboda, ni kazi ya mtu mwenye moyo mgumu. Moshi ni ndogo na mitaa yake ya katikati imepangwa kwa mistari iliyonyooka, ukikosea kona unapata nyingine karibu, na kutoka eneo la Mnara wa Saa hadi Soko Kuu ni mwendo wa dakika chache tu. Mteremko upo, kutoka Shanty Town upande wa mlima hadi Majengo na Pasua upande wa chini, na wenyeji hawahitaji kuambiwa kwamba ni heri mlo mzito uliwe juu ili kurudi kuwe kwa kushuka. Tatizo la Moshi liko kingoni. Ukitaka kwenda Kiboriloni unaingia kwenye barabara kuu iendayo Himo na Dar es Salaam, pamoja na mabasi na malori yake, na hapo katikati nzuri ya mji inakatika ghafla. Kwa hiyo kwa Jumamosi moja ya kula ningechagua Moshi, nikikaa katikati yake, na nisingeupa mji jina ambalo bado haujalistahili.

Wenye uwezo wa kwenda mbali nao wachague kwa kipimo hicho hicho. Sevilla, kule Hispania, ilijenga mtandao wake karibu wote kati ya 2006 na 2010, katika mji tambarare ambao wenyeji wake hula sahani ndogondogo wakihama kutoka kaunta moja hadi nyingine, na ni vigumu kufikiria ulaji unaoafikiana na baiskeli kuliko huo. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, hufunga zaidi ya kilomita 120 za barabara zake kwa magari kila Jumapili na sikukuu, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, utaratibu ulioanza mwaka 1974, na wauza matunda na juisi hujipanga kando. Hilo ni jambo la kuigwa, ila mtu anayelisifu aseme ni siku rafiki, kwa kuwa Jumatatu asubuhi barabara hizo hizo hurudishwa kwa magari. Minneapolis, nchini Marekani, ina njia ya Midtown Greenway iliyojengwa juu ya reli ya zamani, kama kilomita 9, tena sehemu kubwa imo ndani ya handaki lililo wazi ambamo hakuna makutano na magari. Ni salama na ya haraka, lakini migahawa ya Lake Street iko juu, mtaa wa jirani, na anayepita chini haioni wala hasikii harufu yake mpaka atafute mahali pa kupandia. Njia hiyo ni bora kwa anayewahi kazini, na kwa walaji inafaa pale tu wanapojua mapema watapandia wapi.

Basi mwenzetu atakayesema tena kwamba Materuni ni mahali rafiki kwa baiskeli, namwomba kwa heshima aseme ni njia nzuri ya kupanda kwa baiskeli, nasi tutamwelewa na huenda tukamfuata. Atakayependekeza mji kwa sababu una njia ndefu ya baiskeli, atueleze pia vibanda vya chakula viko umbali gani kutoka njia hiyo, unavifikia kwa kupita wapi, na baiskeli inafungwa kwenye nini wakati mnakula.