Drafti haipindishi kwilti

Wiki hii nimeletewa tena kwilti, lile blanketi la vipande vya vitambaa vilivyoungwa, niirekebishe, na kabla sijaikunjua, mwenye nayo keshatoa hukumu: dada, drafti, yaani kitambaa cha mirabaraba, haifai kwenye mikanda, inapinda. Jamani, nimechoka kuisikia hii! Bloku, vile vipande vikubwa vya mraba, za kitenge zimetulia, mikanda inayozitenganisha katikati inaenda kama nyoka, basi lawama zote kabebeshwa drafti.

Nikageuza mkanda nyuma, rangi imepauka. Nikachomoa uzi mmoja pembeni: bluu, nyeupe, bluu, nyeupe. Nishajua, hiyo ni ya kuchapwa. Drafti ya kufumwa ukichomoa uzi wa bluu unatoka bluu mwanzo mwisho, maana mstari wenyewe ndio uzi, hauwezi kuhama uzi ukabaki. Ya kuchapwa mistari imewekwa tu juu ya kitambaa, na kama kilichapwa kimekaa upande kidogo basi mstari unaenda kwake na uzi kwake, wewe unaweka rula kwenye mstari unaona umenyoosha kumbe umekata mshazari, na mkanda wa mshazari unavutika ukiushona, unavutika tena ukiuburuzia pasi.

Ndio maana napenda mashati ya mitumba ya drafti. Nachagua ya pamba tupu, ya kufumwa, yameshafuliwa mpaka hayana tena cha kunywea. Nakata mgongoni, kwa urefu wa shati, kufuata mtande, zile nyuzi za urefu, kwa sababu upande wa mshindio, nyuzi za upana, unaachia zaidi. Mkanda wa inchi 2 unakatwa 2 na nusu, hiyo nusu inaliwa na mishono ya pande mbili. Shuka la Kimasai la akriliki usichanganye na pamba, moto wa pasi utaliharibu.

Halafu kuna hili la kulinganisha mistari kila makutano. Si lazima! Weka kijipande cha mraba cha rangi moja kwenye kila makutano, mistari inakatika pale na jicho haliulizi kitu. Cha kuangalia ni ile drafti ambayo mistari ya kushoto haifanani na ya kulia: mkanda mmoja ukigeuka kichwa chini unaonekana tangu mlangoni, kwa hiyo mimi nachomeka pini upande wa juu wa kila mkanda kabla sijaondoka mezani.

Sasa ukiwa unayo ya kuchapwa tu, ufuate mstari au uzi? Hapa niseme ukweli, bado sina jibu la kuniridhisha. Zikiachana kidogo nafuata mstari, maana hicho ndicho kinachoonekana, halafu pasi naibonyeza, siiburuzi. Zikiachana sana nafuata uzi nakubali mistari ilale upande. Ila sana ni kiasi gani, hapo nimeshakosea pande zote mbili.

Ile kwilti nimefumua mikanda yote nikaweka ya mashati mawili ya kijani na kahawia. Imelala mezani, hakuna hata sehemu iliyonyanyuka, na ni drafti vilevile.