Kikapu cha mipira ya tenisi: tunayoambiana uwanjani na yalivyo kweli

Kila nikitia mguu uwanjani na kikapu changu swali ni moja tu, kinaingia mipira mingapi? Hakuna anayeuliza kinaokotaje, hakuna anayeuliza kikijaa kina uzito gani wala miguu yake inasimama vipi. Na hapo ndo watu wanapopigwa, manake unanunua namba iliyoandikwa kwenye boksi, unafika uwanjani unagundua kumbe umenunua mzigo. Nimeona niandike yale ninayoyasikia mara kwa mara na mi navyojua yalivyo.

"Kikubwa ndo bora, chukua kinachobeba mingi kabisa"

Hebu tupige hesabu kidogo. Mpira wa tenisi kwa kanuni za ITF (shirikisho la tenisi la kimataifa) unakuwa na uzito wa gramu 56 mpaka 59.4, tuseme 58. Mipira 50 ni kama kilo 2.9, mipira 72 inakaribia kilo 4.2, ukienda 140 hizo ni kilo 8 na ushee, na hapo bado hujahesabu kikapu chenyewe. Utasema kilo nane kitu gani, na kweli kuzitoa kwenye gari mpaka uwanjani sio kazi. Ishu inakuja kwenye kuokota. Kikapu cha waya unakinyanyua, unakishusha juu ya mpira, unakandamiza, unanyanyua tena unahamia kwingine, na kila mpira ukiingia kinazidi kuwa kizito, kwa hiyo ile mipira ya mwisho mwisho ndo inayokutoa jasho wakati umeshachoka, alafu mara nyingi mkono unaobebea ni ule ule wa raketi.

Kama unapiga sevu (lile pigo la kuanzisha pointi) peke yako mipira 40 mpaka 70 inakutosha kabisa. Ukishapiga sevu hamsini mfululizo bega linataka kupumzika, na ile safari ya kwenda kuokota ndo mapumziko yenyewe. Nimeona watu wenye mipira 150 wanapiga yote bila kusimama, robo ya mwisho ni kurusha mikono tu hakuna sevu pale. Kikapu kikubwa ni cha kocha mwenye wanafunzi sita kwenye foleni, ambaye mipira ikiisha katikati ya drili, yaani zoezi, watoto wanaanza kuchezea raketi, na huyo wanafunzi ndo wanamuokotea sio yeye.

"Mpira ni mpira, kikapu chochote kitaokota"

Hapa ndo penye mambo. Kikapu cha kuokotea kinafanya kazi kwa ujanja mmoja rahisi sana: zile nyaya za chini zimeachana kidogo kuliko upana wa mpira. Ukikandamiza, mpira unabonyea na nyaya zinapanuka kidogo, unapita, ukishaingia unarudi kwenye umbo lake na hauna presha ya kuusukuma utoke. Basi ni hilo tu, na ndo maana ile nafasi kati ya waya na waya ina maana kuliko rangi, mfuniko na begi la bure ulilopewa.

Sasa mipira hailingani. Ya kawaida ina kipenyo cha sentimita 6.54 mpaka 6.86. Kuna ile mikubwa ya mwendo wa taratibu, sentimita 7 mpaka 7.3, hiyo inapendekezwa sehemu za miinuko. Ya watoto yenye rangi nyekundu ni 7 mpaka 8, na ile ya sponji inafika 9. Ukichukua kikapu cha mipira ya kawaida ukataka kuokotea mipira ya sponji utakandamiza mpaka kesho, haipiti, utaishia kuinama unaokota mmoja mmoja unaitumbukiza kwa juu. Ya watoto ya rangi ya chungwa na ya kijani kwa kawaida haina shida kwa sababu upana wake unakaribiana na wa kawaida.

Kuna na jambo la ugumu. Ile mipira isiyo na presha ndani, ambayo wengi tunaipenda kwa mazoezi kwa sababu haifi haraka, inadunda kwa nguvu ya raba nene ya ukuta wake, kwa hiyo ni migumu kubonyea. Kikapu ambacho dukani uliona kinameza mipira laini kama kinakunywa maji, ukikileta kwenye mipira hii unakuta unasukuma kwa uzito wa mwili. Na kinyume chake pia kipo: mipira iliyochakaa, manyoya yameisha, imelainika, inaingia vizuri sana ila inatoka vizuri vile vile, unatembea nyuma yako unaacha mipira kama kuku anayetaga njiani. Na kama nyaya zimepinda kwa sababu mtu alikalia kikapu (wapo wanaokalia, tena wakubwa wenye akili zao) pale penye pengo ndo patakuwa mlango.

Vipo vikapu ambavyo nyaya za chini zimevalishwa vibomba vinavyozunguka, hivyo havihitaji nguvu nyingi na kama una mgongo au kiwiko kinachosumbua mi ningeongeza hela nichukue hivyo. Ila ushauri wangu mkubwa ni mdogo tu: nenda na mipira yako mitatu minne, iweke chini sakafuni, jaribu. Ukiona muuzaji anakukatalia kujaribu kikapu, ondoka.

"Chenye mfuniko kinafanya mipira isife"

Hapana. Mpira wa presha unakufa kwa sababu hewa ya ndani imebanwa kuliko ya nje, inapenya taratibu kwenye mpira wenyewe, na hiyo inaanza siku ulipofungua kopo, mfuniko wa kikapu haujui lolote. Kinachoweza kuchelewesha ni chombo kinachofungwa na kupandishwa presha sawasawa na ile ya kopo, na hicho ni kifaa kingine kabisa. Ukitaka kujua kama mpira umekufa, kipimo rasmi ni kuudondosha kutoka urefu wa sentimita 254 kwenye sakafu ngumu, mpira mpya wa kawaida unatakiwa urudi sentimita 135 mpaka 147, kwa hiyo ukiudondosha nyumbani ukaona haurudi hata nusu ya ulipoanzia basi huo ni wa mbwa.

Mfuniko una kazi yake ila ni nyingine, kuzuia mipira isimwagike kwenye buti ya gari ukikata kona. Kwa hilo tu naupenda. Lakini usiufunge mipira ikiwa imelowa, manyoya yaliyolowa yanaufanya mpira uwe mzito na usipopata hewa unanuka kama soksi, na ndo hapo kikapu cha waya kilicho wazi kinakishinda kile cha kitambaa. Alafu jamani msiiache kwenye gari juani, joto linazidi kuisukuma ile hewa itoke.

"Miguu ni urembo"

Aliyesema hivi hajawahi kumrushia mtu mipira saa nzima. Vikapu vingi vya kubebeka mpini wake unageuka chini unakuwa miguu, kikapu kinapanda mpaka karibu na kiuno, unachukua mpira bila kuinama. Ukiinama mara 70 kwa kila raundi, raundi tano hizo ni mara 350, mgongo utakuambia usiku. Kwenye sevu ndo usiseme, ukiinama kuchukua mpira kila pigo unapoteza mpangilio wa mwili, heri mpira uje kwenye mkono wa kurushia kikapu kikiwa upande huo huo.

Cha kuangalia ni lachi, kile kifungio cha mpini. Nilishawahi kuwa na kimoja ambacho mpini ulikuwa unasimama kwa kubanwa tu bila kufunga, siku moja katikati ya drili mguu mmoja ukajikunja wenyewe, mipira sabini ikaenda uwanja wa pili ambako watu walikuwa wanacheza pointi yao, nilivyotazamwa siku ile sijasahau. Kwa hiyo ukiwa dukani geuza mpini, kitikise, kisukume kwa ubavu. Wachezaji warefu wajue pia kwamba kuna vikapu vifupi sana, hivyo utainama tu hata kama miguu ipo. Na angalia vinyayo vya plastiki chini, bila hivyo chuma kinakwaruza uwanja wa rangi, na kwenye uwanja wa udongo uliolowa miguu myembamba inazama kikapu kinapinda.

"Toroli la magurudumu limemaliza kila kitu"

Limemaliza kubeba, halijamaliza kuokota. Lile toroli la kitambaa linaloingia mipira 150 na zaidi ni zuri mno kwa kurushia, ila mipira haiingii yenyewe, utahitaji kitu kingine cha kuokotea. Na magurudumu madogo yanapenda sakafu laini tu, ukikutana na ngazi au kokoto unalibeba kama mtoto, na mchanga wa uwanja wa udongo ukiingia kwenye ekseli yanaanza kulia.

Kama unataka kuokota bila kutoka jasho kuna ile mashine ya kusukuma kama ya kukatia majani, inapita inazoa. Katikati ya uwanja ni raha. Lakini mipira haikai katikati, inajikusanya kwenye wavu, kwenye uzio na kwenye pembe, na huko ndo inakoshindwa. Uwanja pamoja na nafasi ya nyuma na pembeni ni kama mita 36 kwa 18, kwa hiyo kabla hata hujaanza kuokota kwa chombo chochote isukume kwanza mipira kwa raketi iwe rundo moja, utaokoa muda kuliko kifaa chochote utakachonunua.

"Bomba ni la watoto"

Bomba refu linaingia mipira 15 mpaka 18, unagonga mpira chini unaingia. Kama mnacheza wawili na mna mipira michache hamna haja ya kikapu, bomba linakaa pembeni ya begi la raketi. Tatizo ni kwamba halisimami, ukitaka kupiga sevu lazima umwage mfukoni.

"Chuma hakifi, plastiki takataka"

Chuma kinakufa kwa kutu, na kutu inaanzia pale palipochomelewa rangi ikishabanduka. Plastiki inakufa kwa jua, inakuwa ngumu alafu siku moja inakatika. Ukiacha kimoja kati ya hivyo nje mwaka mzima utapata jibu lako.

"Si utumie ndoo tu?"

Hii sasa watu wananishangaa manake nakubali, nusu. Ndoo ya lita 20 inaingia mipira sitini na kitu, ukiiweka juu ya kiti ina urefu mzuri wa kurushia. Inachokosa ni kuokota na kupitisha hewa. Mi ninayo, ndo ninapoweka ile mipira ya sponji ya watoto ambayo kikapu changu kinaikataa, na watoto wenyewe kuokota kwao ni mchezo, wanashindana nani atatumbukiza mingi.